UZI: Afya ya seva za wingu na taarifa za matengenezo yaliyopangwa: mtoa huduma anaangalia nini, na wewe unapaswa kuangalia nini?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Liko swali linalorudi kila mara kwa wanaoendesha mifumo kwenye seva za wingu. Dashibodi ya mtoa huduma inaonyesha kijani, watumiaji wanasema mfumo haufunguki, aaminiwe nani? Ninaamini pande zote mbili zinasema kweli, kwa kuwa kila upande unajibu swali lake. Mtoa huduma anachunga kompyuta zake. Huduma unayoiendesha juu ya kompyuta hizo haijui, wala hakuahidi kuijua. Kuichunga ni kazi ya mwenye nayo, na ndani ya kazi hiyo kuna sehemu ambayo wengi huiacha hadi iwaumize, yaani kuzisoma na kuzifanyia kazi taarifa za matengenezo yaliyopangwa. Uzi huu unahusu mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu kwa maoni yangu hayatenganishiki: matengenezo ndiyo saa ambapo ufuatiliaji wako unaonekana kama ulikuwa wa kweli au wa jina tu.

Tuanze na kile ambacho mtoa huduma hukipima. Amazon hukagua kila seva ya EC2, yaani huduma yake ya seva za wingu, kila dakika moja, na ukaguzi wake wa msingi una sura mbili. Sura ya kwanza inahusu kilicho chini ya seva yako, yaani umeme, mtandao na vifaa vya kompyuta halisi inayoibeba. Sura ya pili inahusu seva yenyewe: je, inafikika kwa mtandao, au imekwama kwa sababu kumbukumbu imeisha, mfumo wa mafaili umeharibika, mipangilio ya mtandao imekosewa, au kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, hailingani na mashine? Ni muhimu kujua ni ukaguzi upi ulioshindwa kabla ya kugusa kitu. Ukiwa ni ule wa kwanza, kuwasha upya kwa amri ya kawaida huenda kusisaidie, kwa kuwa seva hubaki kwenye kompyuta ileile yenye hitilafu. Kinachosaidia ni kuizima kabisa na kuiwasha tena, maana hapo kwa kawaida hupewa kompyuta nyingine. Ukiwa ni ule wa pili, tatizo unalo wewe, na utahama nalo popote uendako.

Hapo pana hatari mbili ambazo mtu anayefanya kazi kwa pupa huzisahau. Diski ya muda iliyofungwa kwenye kompyuta halisi hupoteza data zake zote seva inapozimwa kwa namna hiyo, na anwani ya IP ya umma hubadilika isipokuwa kama umeihifadhi mapema. Mfumo unaoweza kurudi hai ukiwa na anwani ambayo hakuna mtu anayeijua haujarudi.

Sasa tazama kile ambacho ukaguzi huo hauoni. Hauoni kwamba tovuti inajibu kwa kosa la 500, yaani hitilafu ya ndani ya seva. Hauoni kwamba hifadhidata imefikia kikomo cha miunganisho, wala kwamba kazi iliyopangwa kufanyika usiku haijafanyika tangu wiki iliyopita. Hata matumizi ya kumbukumbu na nafasi iliyobaki kwenye diski havimo katika vipimo vya kawaida vya EC2, kwa sababu mtoa huduma anaitazama mashine pepe, yaani seva yako ya wingu, kutoka nje na haingii ndani ya mfumo endeshi wako. Ukitaka vipimo hivyo lazima usakinishe ajenti wa ufuatiliaji ndani ya seva. Tena vipimo vya msingi hukusanywa kila dakika 5, na katika dakika 5 huduma inaweza kuanguka, kuamka na kuanguka tena bila grafu kuonyesha mkunjo wowote wa maana.

Wahandisi wa Google wanaosimamia uthabiti wa mifumo wamezoesha ulimwengu kutazama ishara 4: muda wa kujibu, wingi wa maombi, kiwango cha makosa, na kujaa kwa rasilimali. Tatu za mwanzo ndizo zinazomgusa mtumiaji moja kwa moja, na ninashauri tahadhari inayomwamsha mtu usiku itokane na hizo. Prosesa kufikia asilimia 90 si ugonjwa ikiwa maombi yanajibiwa kwa wakati. Kinyume chake, prosesa inaweza kuonekana imetulia huku mfumo ukikokota miguu, kwa sababu michakato imekwama ikisubiri diski; kwenye Linux michakato hiyo huhesabiwa katika wastani wa mzigo. Anayetazama prosesa peke yake hataliona hilo.

Ishara ya nne, kujaa, inafaa kutazamwa kwa mwelekeo wake zaidi ya kiwango chake. Diski iliyojaa kwa asilimia 85 na kubaki hapo mwaka mzima haina neno; iliyotoka asilimia 40 hadi 60 tangu asubuhi inahitaji mtu sasa hivi. Prometheus, programu huria ya ufuatiliaji, ina kitendaji kinachoitwa `predict_linear` ambacho hutazama mwenendo wa saa zilizopita na kukadiria kama nafasi itaisha ndani ya muda unaoutaja, na kwa kazi hii sijaona njia iliyo rahisi kuliko hiyo. Angalia pia inodi, yaani nafasi za kuorodhesha mafaili, kwa `df -i`, kwani seva yenye mamilioni ya mafaili madogo hukataa kuandika faili jipya ilhali `df -h` inaonyesha nafasi tele. Na kwa kuwa tunazungumzia wingu, tazama safu ya `st` kwenye `top`: hiyo ni sehemu ya muda ambao seva yako ilitaka prosesa lakini kompyuta iliyo chini ikampa mwingine. Ikipanda na kukaa juu, kupanga upya programu yako hakutaondoa kitu.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni mahali anapokaa mwangalizi. Tarehe 28 Februari 2017 huduma ya kuhifadhi data ya Amazon iitwayo S3 ilianguka katika eneo la Virginia ya Kaskazini, baada ya amri iliyokosewa wakati wa kazi ya kawaida ya uchunguzi kuondoa seva nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Kwa karibu saa mbili za mwanzo Amazon haikuweza kubadilisha hali ya huduma mojamoja kwenye ukurasa wake wa afya, kwa kuwa chombo cha kuuhariri ukurasa huo chenyewe kilitegemea S3. Ikiwa kampuni ya ukubwa huo ilipatwa na hali hiyo, basi nasi tusiweke mwangalizi ndani ya nyumba anayoilinda. Angalau kipimo kimoja kitoke nje kabisa: mtandao mwingine, mtoa huduma mwingine, kikifungua huduma yako kama mtumiaji anavyoifungua.

Nitaendelea na matengenezo katika ujumbe unaofuata.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Kompyuta zinazobeba seva zetu huchakaa na kuhitaji viraka, yaani marekebisho ya programu, kama kompyuta nyingine yoyote. Watoa huduma wakubwa hutofautiana sana katika namna wanavyolishughulikia jambo hilo, na kanuni za mmoja hazimfai mteja wa mwingine.

Google Compute Engine, huduma ya seva za wingu ya Google, kwa kawaida huihamisha mashine pepe kwenda kompyuta nyingine ikiwa inaendelea kufanya kazi, bila kuizima, na huweka ishara kwenye seva ya metadata, yaani mahali pa ndani ambapo mashine husoma habari zake yenyewe, sekunde 60 kabla. Mashine zenye GPU (prosesa ya michoro) hazihamishiki kwa njia hiyo, hizo husimamishwa. Azure ya Microsoft nayo hutoa taarifa kupitia metadata na huzigawa kwa aina: kugandishwa kwa sekunde chache au kuwashwa upya, ambapo unapewa angalau dakika 15; kuhamishiwa kompyuta nyingine, dakika 10; na mashine ya bei nafuu inayoweza kunyang'anywa, sekunde 30 tu. Amazon hupanga matukio yenye tarehe, kama vile kuwashwa upya, kusimamishwa au kustaafishwa kwa seva kwa sababu kompyuta iliyo chini ina hitilafu isiyorekebishika, na humwandikia barua pepe mwenye akaunti. Baadhi ya matukio hayo unaweza kuyaahirisha mwenyewe.

Ukisoma orodha hiyo kwa makini utaona kwamba muda unaopewa unaanzia siku kadhaa na kushuka hadi nusu dakika. Barua pepe inamfaa mtu mwenye siku kadhaa. Mwenye dakika 15 anahitaji programu inayosoma metadata na kuchukua hatua bila kumsubiri binadamu.

Historia inatufundisha pia kwamba ratiba inaweza kufupishwa ghafla. Mwishoni mwa Septemba 2014 Amazon ililazimika kuwasha upya seva zilizo pungufu ya asilimia 10 ya EC2, kwa sababu ya kasoro ya usalama katika Xen, programu inayoendesha mashine pepe, ambayo ingetangazwa hadharani tarehe 1 Oktoba. Netflix ilieleza baadaye kwamba kati ya nodi zake zaidi ya 2,700 za hifadhidata ya Cassandra, 218 ziliwashwa upya, 22 kati ya hizo hazikurudi, na huduma haikusimama hata kidogo, kwa kuwa mitambo yake ya kujirekebisha ilizigundua zilizokufa na kuziwekea mbadala. Tena tarehe 3 Januari 2018, kasoro za prosesa zilizoitwa Meltdown na Spectre zilipofichuka mapema kuliko ilivyokusudiwa, Microsoft ilifunga dirisha ambalo baadhi ya wateja wa Azure walikuwa wamepewa wajichagulie saa, ikaanza kuziwasha upya mashine zilizobaki siku hiyohiyo. Aliyekuwa ameshafanya kazi hiyo kwa saa yake alikuwa ametulia. Aliyeahirisha alichaguliwa saa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, nao ndio ninaoomba tuujadili: taarifa ya matengenezo ikifika, usiisubiri tarehe yake. Fanya tendo hilohilo mapema, kwa saa ambayo wewe umeichagua, mtu akiwepo na watumiaji wakiwa wachache. Seva iliyopangiwa kustaafishwa tarehe 20 izimwe na kuwashwa upya na mwenyewe tarehe 12. Na zile tarehe zisome kwa uangalifu, kwa kuwa huandikwa kwa saa za UTC mara nyingi, na tofauti ya saa chache inatosha kuyatoa matengenezo usiku wa manane na kuyaleta asubuhi ya kazi.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo. Tatizo letu ofisini ni la hatua moja nyuma: akaunti ilifunguliwa na mtu aliyekwisha kuondoka, na barua pepe zote za mtoa huduma zinakwenda kwenye anwani yake. Taarifa hatuzioni kabisa. Je, kuna njia ya seva yenyewe kutueleza kwamba imepangiwa matengenezo?

Mwanzisha uzi

Mkuu, njia ipo, ingawa hilo la anwani lirekebisheni leo hii kabla ya jambo jingine lolote, na muweke anwani ya kikundi badala ya mtu mmoja. Amazon inaruhusu kuongeza mawasiliano ya uendeshaji na ya usalama mbali na ya mwenye akaunti.

Kuhusu seva kujieleza: Amazon, Google na Azure wote watatu wanatumia anwani ya ndani 169.254.169.254, ambayo inafikika kutoka ndani ya seva peke yake. Kwenye Amazon njia ni `/latest/meta-data/events/maintenance/scheduled`, na ikiwa seva imewekewa toleo la pili la huduma hiyo lazima uombe tokeni kwanza. Kwenye Google unasoma `maintenance-event`, na unaweza kuliacha ombi wazi lijibu pale tu thamani inapobadilika, badala ya kuuliza tena na tena. Azure ina hati ya matukio ambayo, ukishaisoma na kuhamisha mzigo, unaweza kuijibu kwamba uko tayari, nayo ikaanza mara moja bila kungoja dakika zilizobaki. Skripti fupi inayosoma mahali hapo na kutuma tahadhari kwenye mfumo wenu wa kawaida inatosha kuanzia. Hatua inayofuata ni skripti hiyohiyo kuiondoa seva kwenye kigawa mzigo, yaani kile kinachogawa maombi kwa seva kadhaa, kabla ya tukio na kuirudisha baada ya ukaguzi wa afya kufaulu.

Mchangiaji wa pili

Naomba kutofautiana kidogo. Wengi wetu tuna seva moja, haina kigawa mzigo, na imekaa zaidi ya mwaka bila kuzimwa. Viraka vya usalama vinajisakinisha vyenyewe. Kuigusa seva inayofanya kazi ni kujitafutia matatizo, na hayo ya Netflix ni ya wenye seva maelfu.

Mwanzisha uzi

Nakubaliana nawe kwamba mfano wa Netflix hauigiki kwa seva moja, na nimeuleta kwa sababu ya zile nodi 22: hata kwa wenye uwezo, sehemu ya seva zinazowashwa upya hazirudi. Mwenye seva moja anapaswa kulichukulia hilo kwa uzito zaidi, kwa kuwa hana nyingine ya kumshikia nafasi.

Kuhusu viraka, kujisakinisha hakutoshi. Kerneli mpya hukaa kwenye diski bila kutumika hadi seva iwashwe upya, isipokuwa kama unatumia huduma ya kuweka viraka kwenye kerneli iliyo hai, nayo haigusi kila kitu. Vilevile programu iliyoanza kabla ya maktaba ya usimbaji ya OpenSSL kusasishwa huendelea kutumia ile ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu. Debian na Ubuntu huacha faili `/var/run/reboot-required` kukujulisha. Red Hat na jamaa zake wana amri ya `needs-restarting -r`. Kwa hiyo seva iliyokaa zaidi ya mwaka bila kuzimwa, na isiyo na viraka hai, imebeba kasoro za kerneli za zaidi ya mwaka. Lifanye faili hilo kuwa kipimo: likikaa zaidi ya siku ulizojiwekea, tahadhari itoke.

Na kuhusu kuogopa kuigusa: seva hiyo itawashwa upya siku moja, na wewe au bila wewe. Ahadi ya upatikanaji wa asilimia 99.9 kwa mwezi wa siku 30 inaruhusu takribani dakika 43 za kukosekana. Ukiizima mwenyewe kwa mpango, dakika chache zinatosha. Ikizimwa bila wewe usiku na isirudi, dakika 43 zitakwisha kabla hujaipata nywila.

Mchangiaji wa tatu

Nami nina neno kuhusu kelele. Kila tunapofanya matengenezo, tahadhari zinamiminika hadi watu wa zamu wamezoea kuzipuuza, na sasa tunahofia kwamba ya kweli itapita bila kuonekana. Tulijaribu kuzima ufuatiliaji wakati wa kazi, lakini mara nyingine anayezima husahau kuurudisha.

Mwanzisha uzi

Hili ni jambo zito, mkuu, na umelieleza vizuri. Ufuatiliaji wenyewe usizimwe kamwe, kwa sababu vipimo vya wakati wa matengenezo ndivyo utakavyovihitaji kesho kueleza kilichotokea. Kinachonyamazishwa ni utoaji wa tahadhari, tena kwa seva zinazoguswa tu na kwa muda wenye mwisho. Alertmanager inayotumika pamoja na Prometheus haikubali kunyamazisha kusikokuwa na saa ya kuisha, na Zabbix, programu nyingine ya ufuatiliaji, ina vipindi vya matengenezo ambavyo unaweza kuchagua viendelee kukusanya data. Muda ukiisha, tahadhari hurudi zenyewe, awe mtu amekumbuka au hakukumbuka.

Upande wa pili wa kelele ni ukimya, na huo unanitia hofu zaidi. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, ilifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata yake kuu. Ilipotafuta nakala rudufu, ikakuta zile za kila siku hazikuwapo: chombo cha kuzitengeneza kilikuwa cha toleo la 9.2 la PostgreSQL wakati hifadhidata ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo kilikuwa kikishindwa kila mara. Barua pepe za kuarifu kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua kwa sababu hazikutimiza masharti ya DMARC ya kuthibitisha mtumaji. Mfumo ulijaribu kusema, na hakuna aliyesikia. Data za takribani saa 6 zilipotea.

Kwa kazi za aina hiyo, yaani nakala rudufu, kuhuisha vyeti vya usalama vya tovuti na usafi wa logi, geuza tahadhari juu chini. Kazi ikifaulu itume ishara kwa mwangalizi aliye nje, na mwangalizi apige kelele ishara isipofika kwa wakati. Hapo barua iliyopotea, skripti iliyokufa na seva iliyozimika vyote vinaonekana kwa namna moja. Vyeti vinahitaji hili zaidi sasa, kwa kuwa Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, ambayo vyeti vyake vya kawaida vimekuwa vya siku 90, iliacha Juni 2025 kutuma barua za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha.

Mchangiaji wa kwanza

Swali moja la mwisho kutoka kwangu. Tumepata taarifa kwamba seva yetu itawashwa upya, na tumekubaliana kuitangulia kama ulivyoshauri. Ni nini hasa huwa hakirudi baada ya kuwashwa?

Mwanzisha uzi

Kwa kawaida ni vile vitu vilivyowekwa kwa mkono na mtu aliyekuwa na haraka. Huduma iliyoanzishwa kwa `systemctl start` bila `enable` haitaanza yenyewe. Kanuni za ukuta wa moto zilizowekwa kwa amri bila kuhifadhiwa hutoweka. Programu iliyoachwa ikifanya kazi ndani ya `screen` hufa pamoja na kikao chake.

Kibaya kuliko vyote ni diski ya ziada iliyoandikwa kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kuunganishwa seva inapoamka, kwa jina la kifaa. Majina hayo yanaweza kubadilika mpangilio seva inapoamka; diski isipopatikana, Linux nyingi husubiri sekunde 90 kisha huingia hali ya dharura, ambamo SSH, njia ya kuingia kwa mbali, haijaanza, na kwenye wingu huna kibodi ya kuikimbilia. Itajeni diski kwa UUID, yaani kitambulisho chake kisichobadilika, na kama si ya lazima kwa mfumo kuamka ongezeni `nofail`. Hakikisheni pia mnajua njia ya kuingia kwa konsoli ya mtoa huduma, na kwamba nywila yake inafanya kazi, kabla ya kuihitaji.

Kisha tengenezeni seva ya majaribio kutokana na nakala ya diski za seva halisi, ikiwa imetengwa isiguse hifadhidata wala watumiaji wa kweli. Iwasheni upya, msiguse chochote, na mfungue huduma kutoka nje. Kitakachokosekana hapo ndicho cha kurekebisha kabla ya siku mliyoichagua.